Namna ya Kuanzisha Blogu Itakayobaki Kuwa Yako

Mwezi Oktoba mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliizima GeoCities, huduma ambayo tangu katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imewapa mamilioni ya watu ukurasa wao wa kwanza kwenye intaneti. Waliokuwa wameandika humo walipewa taarifa mapema, lakini taarifa za aina hiyo hazimfikii kila mtu: wapo waliokuwa wamekwisha kubadilisha anwani za barua pepe, wapo waliokuwa wamefariki, na wapo walioamini kwamba kilichowekwa mtandaoni hakiondoki. Kurasa nyingi zinazosomeka hadi leo zinasomeka kwa sababu wahifadhi wa kujitolea wa Archive Team, pamoja na maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, waliwahi kuzinakili kabla ya tarehe ya mwisho.

Mambo kama hayo yametokea tena na tena. Posterous, huduma ya blogu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikafungwa. Mwezi Machi 2019 ilijulikana kwamba Myspace imepoteza muziki, picha na video za miaka mingi katika shughuli ya kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, na mwezi uliofuata mtandao wa kijamii wa Google+ ukafungwa. Typepad, iliyokuwa ikitunza blogu za watu tangu mwaka 2003, ilizimwa mwishoni mwa Septemba 2025. Katika kila tukio, walioumia zaidi ni wale ambao anwani yao, maandishi yao na wasomaji wao vyote vilikuwa ndani ya huduma moja ya mtu mwingine.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayekusudia kuandika kwa miaka mingi, awe mwanahabari anayejitegemea, mwalimu, mtafiti au mtu mwenye ujuzi anaotaka kuugawa. Shauri langu ni kwamba umiliki mwenyewe anwani, maandishi na njia ya kumfikia msomaji. Mengine yote, yaani seva, programu, mandhari ya mwonekano na mitandao ya kijamii, yatumie vizuri huku ukijua kwamba siku moja huenda ukalazimika kuyaacha.

Anza na jina la kikoa

Wengi huanza kwa kuchagua rangi na mwonekano wa blogu, kwa sababu kazi hiyo inapendeza na matokeo yake yanaonekana papo hapo. Ningekusihi uanze na jina la kikoa, yaani domeini, kwa sababu ndilo litakalobaki pale kila kitu kingine kitakapobadilika. Ukiwa na jina lako, unaweza kuhama kutoka seva moja hadi nyingine usiku, na msomaji anayefungua ukurasa asubuhi asijue kwamba umehama. Ukitumia anwani uliyopewa na huduma fulani, ambayo jina la kampuni limo ndani yake, basi siku utakayoondoka utaacha nyuma kila kiungo ambacho watu wamekiweka kuelekea kwako.

Unaposajili jina, hakikisha mambo kadhaa ambayo huonekana madogo hadi siku yanapoleta balaa. Jina liandikishwe kwa jina lako, si kwa jina la fundi aliyekutengenezea blogu wala la rafiki aliyekulipia kwa kadi yake. Barua pepe ya akaunti ya usajili isiwe ile inayotumia jina hilohilo la kikoa, kwa kuwa jina likisimama, barua pepe nayo husimama, na ujumbe wa kukuonya hautakufikia. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti hiyo, na uache kufuli la uhamisho, linalozuia jina kuhamishiwa kampuni nyingine, likiwa limefungwa mpaka siku utakapotaka kuhama. Mimi hupendelea msajili wa jina awe kampuni tofauti na mwenye seva. Mgogoro wa malipo au huduma mbovu ukitokea upande wa seva, jina lako litakuwa salama kwingine.

Kabla ya kulipa, tazama bei ya kuhuisha, maana bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa chambo. Majina ya .com yanaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo, na kwa mtu mwenye uwezo ni jambo la busara kulipia miaka kadhaa. Majina ya bure yaepuke kabisa: Freenom, iliyokuwa ikigawa majina ya .tk na mengineyo bila malipo, ilisimamisha usajili mpya mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Majina yenye herufi za nchi au jumuiya huongozwa na sheria za wenyewe, na sheria hizo zinaweza kukugusa bila wewe kufanya kosa lolote. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, watu na taasisi zilizokuwa na sifa ya kumiliki .eu kwa sababu tu ya kuwa Uingereza zilisimamishiwa majina yao mwezi Januari 2021.

Ni vyema pia ujue kinachotokea jina linapopita tarehe yake. Kwa .com, msajili anaweza kukupa muda wa neema wa hadi siku 45 ambamo unalipa kama kawaida. Baada ya hapo huja siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na mwisho jina huwa wazi kwa yeyote. Wapo wafanyabiashara wanaoyavizia majina ya namna hiyo hasa kwa sababu blogu nyingine bado zinayaelekezea viungo, na ndiyo maana blogu ya zamani yenye heshima huweza kufunguka leo ikiwa imejaa matangazo ya kamari. Weka malipo ya kujihuisha yenyewe, na pamoja na hayo uandike tarehe kwenye kalenda, kwa kuwa kadi ya benki nayo hufikia ukomo.

Jaribu kutoka kabla ya kuingia

Programu za kuendeshea blogu ni nyingi, na mabishano juu ya ipi ni bora hayaishi. Kwa mtu wa kawaida ambaye hataki kugusa msimbo wa programu, WordPress inabaki kuwa chaguo lenye hatari ndogo. Ilitolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little wakiendeleza programu ya zamani iliyoitwa b2, leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, na leo inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Wingi huo una maana kwamba karibu kila kampuni ya seva inaipokea, na kwamba ukikwama utapata mtu wa kukusaidia. Tofautisha tu programu yenyewe, inayopatikana bure WordPress.org, na huduma ya WordPress.com, ambapo kampuni inakuendeshea programu hiyo kwa masharti na viwango vyake vya malipo.

Udhaifu wa WordPress ni kwamba inahitaji kuangaliwa. Inategemea lugha ya programu ya PHP na hifadhidata, na kila kiongezi unachokiweka, yaani programu ndogo ya kuipa blogu uwezo zaidi, ni mlango mwingine ambao mdukuzi anaweza kuujaribu. Weka viongezi vichache, sasisha mara kwa mara, na kile usichokitumia kifute badala ya kukizima tu. Anayeweza kuvumilia siku chache za kujifunza anaweza kutumia mfumo wa kurasa tuli kama Jekyll, uliotoka mwaka 2008, au Hugo, wa mwaka 2013. Katika mifumo hii unaandika makala kwenye faili la maandishi kwa mtindo wa Markdown, wenye alama chache rahisi, programu inaligeuza kuwa ukurasa wa HTML, lugha inayosomwa na vivinjari, na ukurasa huo unapakiwa kwenye seva ukiwa umekamilika. Hakuna hifadhidata ya kuharibika, kurasa hufunguka haraka hata kwenye mtandao hafifu, na maandishi yako yanakaa kwenye kompyuta yako kama mafaili unayoweza kuyasoma bila programu maalumu. Mimi naupendelea mfumo huu, ingawa sitamlaumu anayeuona mgumu. Blogger nayo, iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, inafaa kwa mwanzo ikiwa utaiunganisha na jina lako la kikoa tangu siku ya kwanza.

Lolote utakalochagua, lipime kwa namna ya kutoka kabla ya kulizoea. Andika makala tatu fupi za majaribio: moja iwe na picha, nyingine iwe na jedwali, ya tatu iwe na viungo. Kisha tafuta mahali pa kupakulia maandishi yote, upakue faili, na ulifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, kile ambacho hakina mapambo yoyote. Ukifanya hivyo kwa WordPress utapata faili la XML ambamo kila makala imo katikati ya alama zake: kichwa, tarehe, jina la mwandishi, halafu maandishi yenyewe. Shuka hadi kwenye makala yenye picha na uitazame kwa makini, nawe utaona kwamba picha haimo. Kilichomo ni anwani tu, inayoishia na .jpg, inayoelekeza kwenye folda ya wp-content/uploads ndani ya seva. Maana yake ni kwamba mtu anayepakua faili hilo kila mwezi akiamini kuwa ana nakala kamili ya blogu yake hana hata picha moja, na seva ikifa picha zote zimekwenda nayo. Folda hiyo lazima inakiliwe peke yake. Huduma nyingine hukupa maandishi lakini hazikupi tarehe, nyingine hukupa kila kitu isipokuwa maoni ya wasomaji, na chache hazikupi chochote. Huduma isiyokupa chochote usiikabidhi kazi yako, hata kama uandishi ndani yake ni mtamu namna gani.

Anwani za makala

Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa kuwa jambo hili hudharauliwa kuliko yote na athari zake huonekana baada ya miaka. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, alikwisha kuhimiza mwaka 1998 kwamba anwani ya ukurasa ikishatolewa haipaswi kubadilika. Ushauri huo haukufuatwa sana. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufikiwa tena miaka 10 baadaye. Si zote zilizofutwa kwa makusudi. Nyingi hupotea kwa sababu mwenye tovuti alibadilisha programu, na programu mpya ikazipa makala zilezile anwani nyingine.

Tazama anwani tatu za makala moja kuhusu umwagiliaji. Ya kwanza ni /?p=4471, ambayo ni namba ya makala ndani ya hifadhidata; ukihamia programu nyingine namba hiyo haina maana yoyote. Ya pili ni /habari/kilimo/makala-mpya-2.php, ambayo ina kasoro tatu kwa mpigo: imebeba jina la kitengo, na vitengo hupangwa upya, imebeba aina ya programu katika mwisho wake wa .php, na haisemi makala inahusu nini. Ya tatu ni /umwagiliaji-wa-matone, fupi, inayosomeka, isiyotegemea programu wala mpangilio wowote, na ambayo mtu anaweza kumtajia mwenzake kwa simu bila kukosea. Chagua muundo wa namna hiyo ya tatu kabla hujachapisha makala ya kwanza. Ukipenda kuongeza mwaka mbele ya jina la makala hakuna ubaya, kwa sababu mwaka wa kuchapishwa haubadiliki.

Ikitokea kwamba ni lazima ubadilishe anwani, acha nyuma uelekezaji wa kudumu, ambao seva huutambulisha kwa namba 301. Msomaji anayebofya kiungo cha zamani hupelekwa moja kwa moja kwenye anwani mpya, na injini za utafutaji hujifunza kwamba ukurasa umehamia huko. Usitumie namba 302, ambayo maana yake ni kuhama kwa muda. Tena usielekeze kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo, kosa ambalo hata tovuti kubwa za habari hulifanya zinapobadilisha mfumo. Msomaji aliyefuata makala moja akajikuta mbele ya ukurasa wa mwanzo hana pa kushika. Afadhali angeambiwa wazi kwamba makala haipo. Tengeneza orodha ya anwani za zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, mstari kwa mstari, hata kama itakuchukua siku nzima.

Viungo unavyoviweka kuelekea kwa wengine navyo vinahitaji uangalizi. Usivipitishe kwenye huduma za kufupisha anwani, kwa kuwa huongeza kitu kimoja zaidi kinachoweza kufa. Huduma ya goo.gl ya Google iliacha kutengeneza viungo vipya mwaka 2019, na mwaka 2025 viungo vyake vilivyokuwa havitumiki vikazimwa. Unaponukuu waraka muhimu, uombee nakala kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive, weka anwani ya waraka wenyewe, na ndani ya makala yako eleza kwa maneno waraka unaitwaje, umetolewa na nani na lini, ili hata viungo vyote vikifa msomaji ajue cha kutafuta.

Nakala rudufu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja kati ya hizo ikiwa mahali tofauti na nyingine. Kwa mwanablogu maana yake ni blogu yenyewe iliyo hewani, nakala kwenye diski ya nje, na nakala nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyo ya kampuni ileile inayokupa seva. Nakala ambayo kampuni ya seva inakutunzia ni msaada mzuri, lakini usiihesabu miongoni mwa zako, kwa sababu akaunti ikifungwa nakala nayo hufungwa.

Kwa WordPress nakili hifadhidata na folda ya wp-content zote mbili. Kwa mfumo wa kurasa tuli nakili folda nzima. Halafu, walau mara moja kwa mwaka, jaribu kuirejesha nakala hiyo kwenye kompyuta yako na uone kama blogu inafunguka, kwa maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni dhana tu.

Njia yako mwenyewe ya kumfikia msomaji

Mwezi Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki na kupunguza yale ya vyombo vya habari na kampuni, na tovuti zilizokuwa zimejijenga juu ya wasomaji wa Facebook zilijikuta zimepungukiwa bila kufanya kosa. Mwezi Agosti 2023 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, iliondoa kabisa habari kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada, katika mvutano na serikali ya nchi hiyo kuhusu sheria ya kuvilipa vyombo vya habari. Tangu Mei 2024 Google imekuwa ikiweka juu ya matokeo ya utafutaji majibu yaliyoandikwa na akili unde, na mtu aliyekwisha kupata jibu hapo mara nyingi habofyi tena. Matukio hayo hayafanani, lakini yote yanamweka mwandishi katika hali moja: kati yake na msomaji amesimama mtu wa tatu mwenye uwezo wa kufunga njia.

Njia kongwe ya kumpita mtu huyo ni mlisho wa RSS. Ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape, na toleo la 2.0 linalotumiwa hadi leo ni la mwaka 2002. Ni faili moja tu lenye orodha ya makala zako za karibuni, ambalo programu ya msomaji hulitembelea kila baada ya muda na kumletea kilicho kipya kwa mpangilio wa tarehe, pasipo kampuni yoyote kuamua aone nini. Google ilipoifunga Google Reader, programu yake ya kusomea milisho, tarehe 1 Julai 2013 wengi walitangaza kifo cha RSS, lakini mlisho wenyewe haukuwa mali ya Google, na waliotaka walihamishia orodha zao kwenye programu nyingine wakaendelea kusoma. Podikasti nazo, hadi leo, husambazwa kwa RSS. Programu nyingi za blogu hutengeneza mlisho zenyewe. Kazi yako ni kuangalia kwamba umewashwa, kuweka kiungo chake mahali panapoonekana, na kuamua kama utatoa makala nzima au dondoo. Toa makala nzima. Dondoo humlazimisha msomaji mwaminifu kubofya ili uongeze hesabu ya matembezi, na huyo ndiye msomaji usiyepaswa kumsumbua.

Kwa kuwa wasomaji wengi hawatumii RSS, ongeza orodha ya barua pepe. Chagua huduma ya kutuma inayokuruhusu kupakua anwani zote katika faili la CSV, linalofunguka kwenye programu za majedwali, wakati wowote, na uipakue kila unapotengeneza nakala rudufu. Tuma kutoka kwenye anwani yenye jina lako la kikoa, na ukamilishe mipangilio ya SPF, DKIM na DMARC, ambayo ni maelezo mafupi yanayowekwa kwenye rekodi za kikoa ili mpokeaji athibitishe kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekuwa kali katika jambo hili kwa wanaotuma barua nyingi, na barua isiyothibitishwa huishia kwenye taka au hukataliwa. Sajili mtu kwa ridhaa yake tu, na kiungo cha kujiondoa kionekane bila kutafutwa. Orodha ya watu mia mbili waliotaka wenyewe kukusoma ina thamani kubwa kuliko maelfu ya anwani ulizookota.

Mitandao ya kijamii isiachwe, kwa sababu ndiko watu waliko. Fuata tu utaratibu wa kuchapisha kwanza kwenye blogu yako, kisha kupeleka nje kiungo au muhtasari. Kama unachapisha makala nzima kwenye jukwaa jingine, tafuta mahali pa kuweka alama ya anwani asili, ambayo injini kubwa za utafutaji zilikubaliana kuitambua mwaka 2009, ili ijulikane kwamba chimbuko la makala ni kwako.

Kuhusu mashine zinazosoma blogu ili kufunza mifumo ya akili unde, faili la robots.txt, utaratibu uliobuniwa mwaka 1994 na kufanywa kiwango rasmi mwaka 2022, linakuwezesha kusema nani aingie na nani asiingie. Andika jina la mashine, kwa mfano GPTBot ya OpenAI, na chini yake sehemu unazomkataza. Elewa hata hivyo kwamba faili hilo ni ombi lisilo na nguvu ya kuzuia: anayeheshimu atatii, asiyeheshimu atapita. Kinachokupa nafasi mbele ya mashine hizo ni kuandika kile ambacho hakiwezi kukusanywa kutoka kwa wengine, yaani ulichokiona, ulichokipima, nyaraka ulizozisoma mwenyewe na watu uliowahoji. Muhtasari wa mambo yaliyokwisha kuandikwa mara mia, mashine itauandika kwa haraka kuliko wewe.

Ukurasa wenyewe

Mambo machache ya kiufundi yanatosha. Cheti cha usalama cha HTTPS, kinacholinda mawasiliano kati ya msomaji na tovuti, hakina gharama tena tangu Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti vya bure mwaka 2015, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huziandika tovuti zisizo nacho kuwa si salama. Picha ya simu huweza kuwa na upana wa pikseli 4000. Ipunguze hadi 1600 au chini yake kabla ya kuipakia, na uiandikie maelezo mafupi kwa ajili ya asiyeona. Kama unaandika kwa Kiswahili, hakikisha mwanzoni mwa ukurasa pana alama ya lugha lang="sw". Mandhari nyingi huja zikiwa na en, alama ya Kiingereza, na hapo programu inayomsomea asiyeona hutamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari humwuliza msomaji kama anataka kutafsiriwa ukurasa kutoka lugha ambayo haimo.

Matunzo ya kila mwaka, na wa kuyarithi

Tenga siku moja kila mwaka ya kukagua tarehe ya jina la kikoa, kupitia viungo vilivyokufa ukitumia programu ya kuvitafuta, kufuta viongezi visivyotumika na kujaribu nakala rudufu. Makala za zamani zenye habari iliyopitwa na wakati usizifute. Ongeza juu yake sentensi yenye tarehe inayoeleza kilichobadilika. Msomaji aliyefika kwa kiungo cha miaka sita iliyopita anastahili kuona kilichosemwa wakati ule pamoja na sahihisho lake.

Andika pia ukurasa mmoja wa maelekezo kwa mtu unayemwamini, kwa kuwa blogu isiyolipiwa jina na seva haimalizi miaka miwili baada ya mwenyewe kuondoka. Taja humo msajili wa kikoa ni nani, seva iko wapi, malipo hufanyika lini na kwa njia gani, na nakala rudufu zimewekwa wapi. Nywila zisiandikwe kwenye ukurasa huo. Ziwe ndani ya programu ya kutunza nywila yenye utaratibu wa kumruhusu mtu wa pili kuifungua dharura inapotokea. Kwa akaunti za Google upo mpangilio wa akaunti isiyotumika, ambao huwapa watu uliowataja taarifa na data ulizochagua baada ya miezi ya ukimya unayoipanga mwenyewe. Mwisho, tengeneza nakala ya blogu nzima katika kurasa tuli za HTML, kazi ambayo hata kwa WordPress ina viongezi vyake, na uiambatishe na maelekezo hayo. Mrithi asiyejua lolote kuhusu hifadhidata ataweza kuipakia kwenye seva yoyote ya bei ndogo, akaelekeza jina la kikoa huko, na viungo vyote vikaendelea kufunguka.